Mandolini ya Masese: Historia Fupi ya Chombo cha Bei ya Kati

Wasomaji wetu wamezoea kukutana katika kurasa hizi na makala za isimu, fasihi na mbinu za kufundishia, na huenda baadhi yao wakashangaa kuona kwamba safari hii tunaandika juu ya chombo cha muziki. Sababu yake ni ya kiofisi. Idara ilitenga shilingi 700,000 za Uganda ili kikundi chetu cha nyimbo kipate mandolini, na sisi watatu tuliokabidhiwa kazi hiyo tunadaiwa maelezo: fedha bado zipo, mandolini haipo. Hata hivyo, katika kuitafuta tumekutana na historia ambayo kwa maoni yetu inastahili kuwafikia wasomaji, nayo ndiyo tunayoileta hapa.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka miwili iliyopita idara ilinunua mandolini mpya, nyekundu, inayong'aa kama kioo, kwa bei tuliyoiona kuwa ya wastani. Baada ya msimu mmoja wa mvua shingo yake ilipinda. Nyuzi zikainuka hata wanafunzi wakaumia vidole kwa kuzibonyeza, na mwishowe ubao wa mgongo ukaachana na ubavu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakutuonya kwamba hata kilichopakwa rangi hujiuza. Hakuna kati yetu aliyechungulia ndani ya tundu la sauti kabla ya kutoa fedha. Watu wanaowafundisha wanafunzi kuhakiki matini walishindwa kuhakiki kisanduku cha mbao!

Kwa faida ya wasioijua, mandolini ni chombo cha ukoo mmoja na udi na gambusi, lakini kidogo zaidi, chenye freti, yaani vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni kuonyesha mahali pa kubonyeza. Nyuzi zake ni nane, zote za chuma, zimepangwa mbili mbili, na kila jozi hukazwa mpaka nyuzi zake mbili zitoe sauti moja. Kwa hiyo sauti zake za wazi ni nne tu: G, D, A na E, sawasawa na fidla. Waliotazama filamu ya Kihindi Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995 wameiona mikononi mwa Shah Rukh Khan katika mashamba ya haradali. Zamani Mswahili angeiita kinanda bila kusita, kwa maana neno hilo katika kamusi za kale lilikuwa la vyombo vya nyuzi kwa jumla, kabla halijahamia kwenye kinanda cha kanisani, na hata kwenye santuri.

Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Jinja, ndiye aliyetuambia kwamba babu yake huko Masese anauza mandolini. Anaiuza kwa sababu imekufa, alisema. Tulimwuliza chombo hufaje. Akajibu kwamba hata babu hajui, ila kimekufa tangu yeye mwenyewe hajazaliwa.

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi. Ukivuka Mto Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018 unaingia mjini, na Masese iko upande wa mashariki, kando ya ziwa, jirani na mtaa wa Walukuba. Leo mtu akitaja Masese wengi hukumbuka mwalo, mitumbwi, na dagaa walioanikwa, ambao huko huitwa mukene. Lakini ili kuelewa mandolini ilifikaje hapo, yafaa tukumbuke Jinja ya miaka ya 1950. Reli kutoka Kenya ilikuwa imekwisha kufika tangu mwaka 1928. Kambi ya batalioni ya nne ya KAR ilikuwa hapo. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, na umeme wake ukavuta viwanda, kikiwemo kile kikubwa cha nguo. Nyumba za wafanyakazi zikajengwa Walukuba, na watu wakaja kutoka Busoga yenyewe, Bugisu, Teso, West Nile, na kwa wingi kutoka magharibi ya Kenya. Cyril na Rhona Sofer, waliouchunguza mji huo na kuchapisha kitabu chao mwaka 1955, walikiita Jinja Transformed, na jina hilo halikutia chumvi. Mahali pa namna hiyo Kiswahili hakihitaji kutangazwa na serikali. Kilikuwa kinasemwa kiwandani, kambini na klabuni muda mrefu kabla ya katiba ya Uganda kukitambua mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili.

Pamoja na lugha zilikuja nyuzi. Askari wa KAR waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia walirudi na mazoea mapya ya muziki. Fundi Konde wa Mombasa, ambaye wengi wetu tumekua na nyimbo zake, alikuwa katika kikosi cha burudani cha askari hao. Wahindi wa Jinja nao walikuwa na filamu zao, na katika nyimbo za filamu hizo mandolini ilikuwa na mahali pake. Sajjad Hussain, mtunzi mashuhuri wa nyimbo za filamu, alikuwa pia bingwa wa kuipiga. Upande wa Tanganyika, bendi ya Kiko Kids ya Tabora chini ya Salum Zahoro iliifanya mandolini iimbe dansi. Kwa hiyo kijana wa Walukuba mwenye redio au rafiki mwenye santuri hakuwa mgeni wa sauti hiyo.

Mbona basi gitaa ndilo lililoshinda? Sisi tunaona sababu mbili. Ya kwanza ni Wakongo. Upigaji wa vidole wa Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na kufika Nairobi mwaka 1959, ulimwezesha mtu mmoja kupiga besi na kiitikio kwa pamoja, jambo ambalo mandolini haikubali kwa urahisi. Ya pili inahusu pwani. Udi hauna freti, na mpigaji anaweza kuzipata zile sauti za katikati ambazo maqamu za Kiarabu huzihitaji. Mandolini, kwa sababu ya freti zake, haiwezi. Taarabu ikabaki na udi, fidla na kanuni. Mombasa walipotaka nyuzi za chuma zenye makali walichukua tashkota, ambayo wapenzi wa Zuhura Swaleh wanaifahamu vizuri. Kwa njia hiyo mandolini ilibaki chombo cha wachache, na chombo cha wachache huwa hakina fundi wala nyuzi wala mtu wa kukadiria bei yake. Neno hili ndilo lililotupeleka Masese bila sisi kujua.

Mzee alitupokea uani kwake. Ni mtu wa makamo ya miaka themanini, mzaliwa wa upande wa Kenya, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda cha nguo. "Karibuni walimu," alisema, akamtuma mjukuu alete viti, kisha akaleta mandolini imefungwa kwa kanga. Alituambia aliinunua mwaka 1971 katika duka la Mhindi, Main Street, kwa akiba ya miezi kadhaa. Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na duka likafungwa. Yeye na wenzake walipiga katika harusi za Walukuba na mara kadhaa Mbale, mpaka hali ya miaka ile ilipowashinda.

Dalali mmoja wa mjini alikuwa amempa bei ya shilingi 60,000. Mzee mwenyewe alitaka 150,000.

Tukaanza kuichunguza, safari hii kwa utaratibu, maana tulikuwa tumekwisha kuungua. Jambo la kwanza tulilolitazama ni kibandiko ndani ya tundu la sauti. Kimefifia, lakini maneno Suzuki na Nagoya yanasomeka, na chini yake tarakimu za modeli. Hapa inatubidi tuache uani kwa Mzee kidogo, kwa sababu jina la Nagoya lina mengi ya kutufundisha juu ya kitu kinachoitwa bei ya kati.

Mandolini kama tunavyoijua ni ya Napoli. Huko ukoo wa Vinaccia uliijenga katika karne ya 18, na mnamo 1835 Pasquale Vinaccia akaipa nyuzi za chuma na vikazio vya meno badala ya vigingi vya mbao. Ilipopendwa Ulaya nzima mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wakuu wa Napoli hawakuweza kutosheleza wateja, na kazi ya vyombo vya bei nafuu ikaenda Catania, kisiwani Sisilia, ambako vilitengenezwa kwa wingi vya kuuzwa nje. Wajerumani wa Markneukirchen nao wakaingia. Marekani Orville Gibson alipata hataza mwaka 1898 ya kuchonga mandolini yenye mgongo usio wa kibuyu, uso wake ukiwa umechongwa kama wa fidla. Nagoya, ambako Masakichi Suzuki alikuwa amekwisha kuanzisha kiwanda cha fidla katika karne ya 19, ilijiunga baadaye. Na ni Nagoya hiyo hiyo ambako Goro Morita alibuni mwaka 1912 taishogoto, chombo ambacho kwa njia ya India kilifika Mombasa na kuitwa tashkota. Yaani mji mmoja wa Japani umetupa jamaa wawili, mmoja akashuka Mombasa na mwingine akajificha Masese.

Baada ya Japani kutajirika na ujira wa mafundi wake kupanda, kazi ilihamia Korea, na kutoka Korea ikaenda China. Mandolini za jina la Kentucky, kwa mfano, zilianza kutengenezwa Japani katika miaka ya 1970, zikahamia Korea, sasa zinatoka China. Kampuni ya Eastman, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Qian Ni, iliwaweka mafundi wa fidla wa Beijing kuchonga kwa mkono nyuso ambazo kwa bei hiyo Marekani zingeshindwa kulipa hata kodi ya karakana. Msomaji ataona mwendo wake: katika kila kizazi chombo cha bei ya kati kinatoka katika nchi ambayo kizazi kilichotangulia iliitwa nchi ya vitu hafifu. Aliyedharau kibandiko cha Japani mwaka 1965 alifanya kosa lile lile la anayedharau cha China leo. Kibandiko kinatuambia chombo kilitoka wapi na pengine lini. Ubora wake hakiusemi, na mwenye kukitumia kama hukumu anajidanganya.

Tena bei hubadilika hata kwa chombo kimoja. Mandolini inayosifiwa kuliko zote katika muziki wa Marekani ni F-5 ya Gibson aliyoipiga Bill Monroe, iliyotiwa saini na Lloyd Loar mwaka 1923. Monroe aliikuta dukani kwa kinyozi huko Florida katika miaka ya 1940, akainunua kwa dola 150, na ilipokuwa mpya chombo cha aina hiyo kiliuzwa dola 250. Kwa maneno mengine, ilikuwa bidhaa ya mtumba iliyoshuka bei. Mwaka 1985 mtu aliivunja vipande vipande kwa chuma cha kuchochea moto, mafundi wakaiunganisha, na sasa imo katika jumba la kumbukumbu la muziki wa kantri mjini Nashville.

Turudi uani. Jambo la pili lilikuwa uso wa mandolini, ule ubao wa mbele wenye tundu. Hapo ndipo sauti inapozaliwa, na hapo ndipo mtengenezaji anapoweza kumwibia mnunuzi bila kuonekana. Ubao mzima wa mti wa msonobari wa nchi za baridi hutetemeka vizuri na huzidi kufunguka kadiri unavyopigwa. Mbao nyembamba zilizogundishwa, yaani plaiwudi iliyobandikwa ngozi nzuri ya mti juu, hutetemeka kwa uvivu. Kwa mbali zinafanana. Tofauti huonekana kwenye ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mti ikiteremka kutoka usoni na kupita kwenye unene wote wa ubao, ubao ni mzima, ukiona tabaka kama za chapati, ni plaiwudi. Mandolini yetu nyekundu ilikuwa chapati. Ya Mzee ilikuwa na mistari iliyoteremka mpaka chini. Mgongo na mbavu zake ni plaiwudi, jambo la kawaida kwa bei yake, na sisi hatukulihesabu kuwa kosa kubwa, maana kwa hali ya hewa ya kando ya ziwa mgongo wa plaiwudi haupasuki ovyo.

Uso ulikuwa na ufa mmoja wa urefu wa kidole karibu na ubavu. Mtu asiyejua angeukimbia ufa na kuinunua ile iliyopinda shingo. Ni kinyume. Ufa wa kufuata mistari ya mti hugundishwa na fundi seremala yeyote mwangalifu, kwa gundi na kipande kidogo cha kuutegemeza ndani. Shingo iliyopinda au iliyoinuka mahali inapoungana na mwili ni ugonjwa mwingine kabisa, na kwa chombo cha bei ya kati gharama ya kuuponya huzidi thamani ya chombo. Tulibonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja tukatazama katikati. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya unene wa kadi ya simu. Shingo nyofu, baada ya miaka hamsini.

Nyuzi ndizo zilizotusikitisha. Biashara ya miaka ya 1970 ilipoharibika na magendo kushika nafasi yake, nyuzi za mandolini hazikupatikana tena. Mzee alifanya kama wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki na Kongo walivyofanya: alichambua waya wa breki za baiskeli. Wengine pale Masese, alisema, walitumia nailoni ya nyavu, ambayo hata leo hutumika kwenye adungu. Kwa adungu ni sawa. Mandolini ikikazwa vizuri hubeba uzito wa kilo 70 na zaidi kwa nyuzi zote nane, na sauti yake hutegemea mzigo huo. Nailoni haiufikii, na waya wa breki hauna unene unaolingana, kwa hiyo jozi mbili hazikubaliani kamwe.

Tulipopiga, sauti ilivuma na kukwaruza. Mwenzetu mmoja, ambaye ni Msoga, akacheka akasema hiyo si mandolini, hiyo ni endongo. Maneno yake yalikuwa na maana kuliko alivyokusudia. Endongo ya Wasoga na Waganda pia ina nyuzi nane, ila kila uzi una sauti yake, na bakuli lake huwambwa ngozi ya kenge. Nyuzi zimewekwa makusudi zigusegusane na magamba ya ngozi hiyo, ili zivume. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia mwaka 1948, aliandika kwa makini juu ya vyombo hivi. Uvumi unaompendeza msikilizaji wa endongo ndio unaomfanya mnunuzi wa mandolini arudishe chombo dukani. Ndiyo maana hatukubali mtu atwambie "sauti nzuri" bila kutwambia nzuri kwa nani.

Lakini kuvuma hakukuwa ndiko kufa. Mzee alitueleza kifo chenyewe: hata akizikaza nyuzi vizuri zikiwa wazi, akianza kubonyeza shingoni sauti zinakwenda kombo, na kadiri anavyopanda ndivyo zinavyozidi kwenda kombo. Ilianza siku moja baada ya kusafishwa, katika miaka ya 1980. Alifikiri mti umeoza ndani.

Tuliomba rula ya shule ya mjukuu wake. Katika mandolini kuna kijiti cha mbao kinachosimama juu ya uso na kubeba nyuzi. Hapa tukiite daraja. Katika gitaa la kawaida daraja limegundishwa. Katika mandolini halikugundishwa hata kidogo: linashikwa na mkazo wa nyuzi tu, na ukizilegeza zote, labda ili ufute vumbi, linatembea. Kanuni ya mahali pake ni rahisi. Freti ya 12 lazima iwe katikati kabisa ya uzi, kwa sababu hapo ndipo uzi unapogawanyika nusu na kutoa sauti ile ile iliyo wazi, hatua nane juu. Kutoka kizingiti cha kichwani hadi freti ya 12 tulipata sentimita 17 na nusu. Kutoka hapo hadi kwenye daraja tulipata 18 na milimita 6.

Sentimita moja na milimita moja. Hicho ndicho kifo cha miaka zaidi ya thelathini.

Tuliomba ruhusa, tukazilegeza nyuzi, tukasogeza daraja mahali pake, tukazikaza tena polepole. Jozi mbili za chini bado zilikwaruza kwa sababu ya waya ule. Jozi mbili za juu zilitoka safi mpaka freti ya 12. Tulimrudishia.

Kabla hatujaendelea na Mzee, lazima tukiri jambo. Wakati mmoja wetu akikaza nyuzi, wawili tulitoka kwenda kutazama ziwa, na tulichozungumza hakikuwa ziwa. Mandolini ya ubao mzima, shingo nyofu, freti zisizolika sana, kwa mpya ingekuwa ya kundi linalouzwa nje kati ya dola 300 na 1,000 hivi, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Uganda kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mtumba wa umri huu, wenye ufa, tuliikadiria isiyopungua 500,000. Mzee alikuwa ametaja 150,000 kwa kinywa chake. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja, alisema kwamba fedha za idara ni mali ya umma na wajibu wetu ni kununua kwa bei iliyotajwa na muuzaji. Mwingine akajibu kwamba bei ile ilitajwa juu ya maiti, na chombo kilichoko uani sasa si maiti. Hoja zote mbili zinaweza kutetewa kikaoni. Tulichoshindwa ni kufikiria namna ya kuitetea ile ya kwanza mbele ya mwanafunzi wetu, aliyekuwa amesimama na chupa za soda akitusubiri.

Tulimweleza Mzee yote: ubao, shingo, ufa, daraja, na makadirio yetu. Tukamwambia tuko tayari kutoa 500,000, na kwamba anayetoa 60,000 ama hajui au anajua sana.

Alisikiliza huku vidole vyake vikitembea juu ya shingo bila kupiga. Kisha akapiga. Alianza kwa kusitasita, akakosea, akarudia, akafika mahali akacheka mwenyewe. Jirani mmoja alitokea upande wa pili wa ua na beseni la mukene kichwani, akasimama. Mkono wa kulia ulikuwa umesahau kidogo ule mtetemo wa haraka ambao mandolini huutaka ili sauti isikatike, lakini wa kushoto haukusahau kitu. Alipiga nyimbo tatu za harusi moja baada ya nyingine. Ya tatu mjukuu wake aliijua, ila alikuwa akidhani ni ya kanisani.

"Walimu," Mzee alisema alipomaliza, "nimewasumbua bure kutoka Kampala. Mimi nilikuwa nauza kitu kilichokufa. Hiki siuzi."

Tulijaribu kumwongezea. Tulifika 650,000, na tunaomba kamati ya fedha isitushutumu kwa hilo. Alitikisa kichwa. Alisema wanafunzi wakitaka kujifunza waje Masese siku za Jumamosi, mchana, kabla jua halijamchosha, na asiyekuwa na mandolini atashika hiyo hiyo kwa zamu. Sharti lake moja ni nyuzi. Kikao cha idara kimekubali zinunuliwe seti mbili kutoka katika fungu lile lile, na kwa kuwa wasomaji wetu kadhaa husafiri Nairobi na ng'ambo, tunaandika hapa vipimo ili asije mtu akatuletea za gitaa: jozi ya E inchi 0.010 au 0.011, jozi ya A 0.014 au 0.015, jozi ya D 0.024 na jozi ya G 0.038, za chuma, zenye kitanzi mwishoni wala si kifundo. Kikundi cha kwanza cha wanafunzi wanne kitaondoka Jumamosi ya pili ya muhula ujao, saa moja asubuhi, mbele ya ofisi ya idara. Nauli ni juu ya kila mmoja, na rula ibebwe.